Watu Kumi Niliowaleta

Shule nilikaa miaka mitatu tu, na mwaka wa tatu nilikuwa naenda kwa sababu ya uji. Ninachokijua nimekijua kwa miguu. Nimesukuma kinga, ndiyo baiskeli kwa wasio wa huku, kutoka Kabambare mpaka Kasongo, madumu ya mawese yamefungwa kila upande, mlima na matope, hadi nikapata nyumba ya wageni ya vyumba sita na duka mbele yake. Kwa hiyo mtu akisema siwezi kuandika habari za Wayahudi kwa sababu sikusoma, namuuliza: weye uliyesoma, umeshamlaza Myahudi mumoja kwako wiki tatu? Basi kaa, unisikilize.

Zamani nilidhani Wayahudi walikwisha. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa habari za Musa na watu wake, jinsi bahari ilivyopasuka wakapita, na mimi nikawaweka fungu moja na wale watu wa kale walioangamizwa na upepo. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, yeye ni Mkristo, mkulima wa huko Wamaza, na padri asipofika ndiye anayeongoza sala ya Jumapili. Huyo alishikilia kwamba bado wapo, lakini wanavaa majoho, wanapanda punda, na kila asubuhi wanachinja mwanakondoo juu ya mawe. Tulibishana hivyo miaka mingi, kila sikukuu, mdomoni tuna mbuzi. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona hata mmoja.

Halafu akaja fundi wa pompi za maji.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi za mvi, buti kubwa kuliko zangu, ametumwa kutengeneza pompi za vijiji vya upande wa Kabambare. Alilala kwangu kila aliporudi mjini. Siku ya kwanza mke wangu alimwekea mbuzi niliyemchinja kwa mkono wangu, kichwa kibla, jina la Mungu limetajwa. Mgeni akaangalia sahani, akasema kwa Kiswahili alichojifunzia Dar, kimenyooka kama rula ya seremala:

"Mzee, naomba radhi. Nyama sili hapa."

"Ni mbuzi, Mama. Haiko nguruwe."

"Najua. Nguruwe na mimi hatujuani kabisa. Lakini mchinjaji lazima awe wa kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Mimi ni Myahudi, Mzee."

Mke wangu akashusha sinia. "Wale wa Musa?"

"Hao hao."

Mke wangu akanigeukia, taratibu, na ninyi mliooa mnajua kugeukiwa kule. "Si ulisema walikwisha?"

Mimi nikamgeukia mgeni. Nilikuwa na uchungu wa mbuzi. Sisi dini yetu inaturuhusu kula wanachochinja Wayahudi, na nilimwambia hivyo wazi: "Sisi tunakula cha kwenu, ninyi hamuli cha kwetu. Huo ni ujirani wa namna gani?"

"Ni ujirani wenye hasara kwangu," akasema. "Harufu ya huyo mbuzi inaniua."

Kesho yake nikataka kumaliza jambo. Nikanunua kambale wa mto Lualaba, mrefu kama mkono wangu, nikambeba mwenyewe kupita sokoni ili watu waone ninavyotunza wageni. Mama yule akacheka mpaka akashika ukuta. Samaki kwao lazima awe na mapezi na magamba. Kambale, mwenye ngozi laini kama kichwa changu, hafai. Tukamla sisi. Hapo mke wangu akaninyang'anya kazi. Alinunua sufuria mpya na mwiko mpya, akasema hivi ni vya Mama peke yake, nyama isivikaribie. Akampikia sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, bugali, na tilapia alipopatikana. Mgeni akala akaomba tena. Hata ile sheria yao nyingine, ya kutochanganya nyama na maziwa, haikutusumbua: Kasongo maziwa ni ya kopo na nyama ni ya sikukuu, hayakutani.

Jioni tulikaa barazani nikamuuliza maswali. Mimi huuliza kama ninavyonunua: nageuza kitu, nanusa, narudisha.

Mungu wao ni mmoja, hana mwenzi, hana sura. Hapo tuko pamoja. Alifanya agano na babu yetu Ibrahimu, akampa Musa Taurati mlimani, na ndani ya Taurati mna amri mia sita na kumi na tatu.

"Sisi tuna nguzo tano," nikamwambia, "na bado watu wanashindwa."

"Hata sisi tunashindwa, Mzee. Ila tunashindwa nyingi zaidi."

Juu ya Taurati wana vitabu vikubwa vya mabishano ya wataalamu wao, huyu anasema hivi, yule anasema sivyo, na wote wawili wameandikwa, hata aliyeshindwa. Hilo lilinipendeza. Kwetu aliyeshindwa hupelekwa nyumbani. Watoto wa kiume wanatahiriwa siku ya nane. Wanasali mara tatu. Wana siku moja ya mwaka ya kufunga tangu jua kuzama hadi usiku wa pili, kuomba msamaha, na kwanza uombe msamaha kwa jirani uliyemkosea, maana Mungu hasamehi deni la mwenzako. Wana juma la kukumbuka kutoka Misri, wanakula mikate isiyoumuka. Isa kwao siye Masihi. Masihi wao bado wanamngoja. Na Mtume wetu hawamhesabu kuwa mtume. Hapo nilimwambia, "Mama, hapo umekosea pakubwa. Lakini samaki wako ameiva, ingia ule."

Nilimuuliza pia habari ya vita vya huko kwenye nchi ya Wayahudi, maana watu msikitini waliniuliza, na mimi siogopi swali. Akasema anayo majibu, hayamfurahishi yeye wala mimi hayatanifurahisha, na kwamba dini yake ni ya zamani kuliko serikali yoyote. Tukaongea kidogo, kwa sauti kidogo. Halafu akarudi kwenye spana zake.

Sabato yake ndiyo iliyonichekesha. Ijumaa kabla ya jua kuzama aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho, akazima simu. Tangu hapo hadi nyota za Jumamosi hakushika kazi, hakuwasha moto, hakugusa hata kiberiti. Watu wa pompi wakamtumia moto, ndiyo pikipiki, kumfuata Jumamosi asubuhi. Dereva akamkuta amekaa barazani anasoma.

"Sisi Ijumaa tunasali, tunarudi dukani," nikamwambia.

"Ndiyo maana umechoka, Mzee."

Mke wangu akapiga makofi. Jumamosi zilizofuata naye akaanza kukaa barazani, eti anamtunzia mgeni.

Nilipomuuliza kama Wayahudi wote wako vile, alicheka. Ndipo akanieleza matawi yao, na alianza kwa baba yake.

Baba yake alikuwa mshonaji wa nguo huko Ulaya, Mwothodoksi, tawi la wale wanaosema kila neno la sheria lilitoka kwa Mungu mlimani, nani awe wa kulisogeza? Kwao wanaume na wanawake wanasali mbalimbali, na wamo wengine wenye kofia nyeusi na mashungi ya nywele masikioni, wanaocheza na kuimba wakisali. Mwisho wa upande mwingine wako Wareforma. Hao wanasema Mungu alisema na watu wa wakati ule, na kila kizazi kisikie tena kwa masikio yake; mwanamke anaweza kuwa rabi, ndiye mwalimu wao, na Sabato ukiendesha gari hakuna atakayekufukuza. Katikati wako Wahafidhina, tawi lake yeye. Sheria inawafunga, lakini inaweza kusogea, polepole, wataalamu wakishabishana vya kutosha. Na nje ya hao wote wako wasioamini wala kusali, lakini uwatukane Wayahudi mbele yao uone.

"Hao tunao msikitini pia," nikasema.

Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa mafuta, nikamwekea sawa. Tawi la baba yako linasema dumu lililofungwa na Mungu lisifunguliwe. Wareforma wanasema mimina kwenye chupa unayoitaka, mafuta ni yale yale. Ninyi wa kati mnafungua, ila kwa kikao, na kikao hakiishi.

"Mzee, umeeleza vizuri kuliko rabi wangu."

"Najua."

Alicheka, na ndipo akatoa kilichokuwa moyoni. Mzazi akifa, kwao mtoto husema sala inayoitwa kadishi. Ni kumsifu Mungu tu mwanzo hadi mwisho, hata neno kifo halimo. Unaisema miezi kumi na moja, halafu kila mwaka siku aliyofariki. Wala huisemi peke yako: lazima wawepo watu kumi. Kwa tawi la baba yake, wanaume kumi, na binti hahesabiwi. Kwa tawi lake yeye, hata wanawake ni watu. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na huyu binti tu. Baba alipokuwa kitandani anakufa, binti alimuuliza, "Baba, nikusomee kadishi?" Yule mzee akamjibu, "Utakosea. Lakini sema."

Na miezi kumi na moja yote alisema. Sasa mwaka wa kwanza ulikuwa unatimia Jumatano, jua likizama, maana siku yao inaanza magharibi kama yetu. Alikuwa na nafasi kwenye avio, ndiyo ndege, ya Jumatatu kwenda Kinshasa, ambako Wayahudi kumi wanapatikana.

Mvua ikanyesha. Uwanja wetu wa avio ukawa shamba la mpunga. Jumatatu avio haikutua. Jumanne nayo haikuja. Adhuhuri nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake, buti mguuni, anaangalia mawingu kama mtu anayeyadai.

"Ni watu kumi tu?" nikamuuliza.

"Kumi. Lakini Mzee, si..."

Sikumngoja amalize. Hilo ndilo kosa langu, na naliandika hapa kwa mkono wangu kwa sababu mke wangu angeliandika vibaya zaidi. Kwetu mtu akiwa na msiba huulizi anataka watu gani. Unaleta watu. Na sisi sala ya Ijumaa inataka arobaini, na tunawapata. Kumi kwangu ni watu wa kunywa chai. Nilivaa kofia nikatoka.

Jumatano alasiri baraza langu lilikuwa limejaa. Mimi mwenyewe, wanaume sita wa msikitini katika kanzu zilizopigwa pasi, na shemeji aliyekuja kwa moto kutoka Wamaza na Wakristo wenzake wawili, matope hadi magotini. Kumi, sina haja ya kurudia. Mikeka imetandikwa. Mbuzi jikoni, wa kwetu, na sufuria ya Mama pembeni ikichemsha sombe. Wa msikitini walikuwa wameanza kubishana na shemeji nani aongoze.

"Sisi ndio tunaojua kumwombea marehemu," akasema mmoja wao.

"Lakini sisi ndio tuliosoma kitabu chao," akasema shemeji. "Ibrahimu alipouombea ule muji uliotaka kuchomwa, alianza na wenye haki makumi matano, akashuka, akashuka, akafika kumi. Kumi! Ndipo alipoacha. Kwa hiyo tumetimia."

"Wenye haki, shemeji," nikamwambia. "Tukikuondoa weye tunabaki tisa."

Mgeni akatoka chumbani kwake wakati huo, ameosha uso, kitambaa kichwani. Akatuona. Akatuhesabu, niliona macho yake yakihesabu, moja hadi kumi. Akaweka mkono mdomoni.

"Mzee," akasema, "wamekuja wote hawa kwa ajili ya baba yangu?"

"Kumi kamili."

"Mzee... lazima wawe Wayahudi."

Hapo ndipo nilipotamani mvua irudi. Wanaume kumi wakanitazama mimi, siyo yeye. Shemeji alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, kama kawaida.

"Ulituita bila kuuliza?"

"Nilikuwa na haraka."

"Mutu wa mafuta! Toka Wamaza nimekuja, nimeanguka mara mbili!"

Mmoja wa msikitini, mkubwa kuliko sisi wote, akamuuliza mgeni kwa upole kama hakuna njia sisi tukawa Wayahudi kwa jioni moja tu, kisha turudi. Mgeni akasema Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia kwa kusoma miaka, na kwa desturi rabi humfukuza kwanza mara tatu aone kama kweli anataka.

"Anamufukuza muteja mara tatu?" nikasema. "Na bado wanaingia?"

"Wachache."

"Ningekuwa na duka la namna hiyo ningelala njaa."

Akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akasema kwamba miezi kumi na moja hakukosa hata siku moja, na siku yenyewe ndiyo anaikosa. Wanaume wakatazama mikeka. Mke wangu akaja kutoka jikoni, akaketi kando yake, na akaniangalia jicho la kusema: fanya kitu unachokijua wewe, siyo usichokijua.

Nikamuuliza pasipo watu kumi ni kipi kinachobaki. Akasema kipo. Unawasha taa iwake siku nzima, magharibi hadi magharibi. Unamtaja marehemu, unasoma, unatoa sadaka. Lakini mshumaa wake wa siku nzima ulikuwa umeyeyukia ndani ya sanduku la spana kwa joto la njia za Kabambare, ukawa mafuta ya spana.

Mafuta! Hapo mimi nikasimama. Nilichukua mawese ya Wamaza, yale mepesi, nikayachemsha na kuyaengua mpaka yakawa kama chai, nikayatia kwenye glasi. Utambi nikausokota kwa pamba mwenyewe, maana utambi mnene unatoa moshi na mwembamba unazama. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote bila kujua kwamba ilikuwa ya siku ile. Akaiwasha kabla jua halijagusa miti. Ikashika, moto mdogo, mnyoofu.

Kisha akatueleza baba yake. Alivyouma pini midomoni akishona, alivyomkaripia kwa mapenzi, alivyokataa kuingia kwenye sinagogi la binti yake hata siku moja, akawa anamngoja nje kwenye baridi ili watembee pamoja kurudi. Na akarudia lile neno: Utakosea, lakini sema.

"Basi alikukataza," akasema mkubwa wa msikitini. "Mutu akikuambia utakosea, amekukataza kwa adabu."

"Alimuruhusu!" akaruka shemeji. "Neno la mwisho ndilo neno. Amesema sema."

"La mwanzo ndilo msingi!"

"Msingi hauishi ndani ya mutu, mutu anaishi ndani ya nyumba!"

Baraza likawaka. Kanzu zikasimama, matope yakasimama. Mmoja akasema baba alikuwa anamwogopa Mungu na anampenda mtoto, na aliyekuwa na vyote viwili asingeweza kusema vingine. Mwingine akamwambia akae chini, hilo siyo jibu, hilo ni huruma. Sala ya magharibi ikawatoa wa kwangu, wakasali, wakarudi mbio kuendelea. Nilimtazama mgeni nikiogopa tumemuudhi. Alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, macho yamelowa, anatabasamu.

"Hivi ndivyo tunavyosoma kwetu," akasema. "Hivi hivi. Mmemsomea."

"Basi isome na ile sala," nikamwambia. "Mungu anasikia hata watu tisa na nusu."

"Hapana, Mzee. Baba aliniruhusu kosa moja. Sitaongeza la pili."

Nikamheshimu kwa hilo. Mtu asiyepunguza vipimo ninamjua nikimwona. Watu wakala mbuzi, yeye akala sombe, shemeji akala vyote viwili.

Asubuhi nilikwenda kutazama taa, nikijua mafuta yamepungua. Hayakupungua. Mke wangu alikuwa ameshaongeza. Saa nne nikamkuta shemeji ameinama na kijiko, akasema anatazama inzi. Magharibi ilipofika, ile siku yao ikaisha, na moto ukazimika wenyewe. Mgeni akanusa chumba, akasema baba yake angelalamika kwamba mawese yananuka.

Ijumaa asubuhi na mapema avio ikatua. Wiki iliyofuata akapiga simu. Amesema kadishi yake Kinshasa, maana aliyeikosa siku anaweza kuisema akipata watu. Walikuwa kumi na mmoja. Mzee mmoja akamfuata baadaye kumwambia mwanamke hasemi. Akamjibu, "Najua, baba aliniambia."

Mwaka huu ile taa niliiwasha mwenyewe. Niliitunza tarehe kwa mwezi wa msikitini, siku kwa siku, nikachemsha mawese, nikasokota utambi, nikamtumia picha kwa simu ya mke wangu. Akajibu kwa kicheko kirefu. Miezi yao inafuata mwandamo kama yetu, lakini kila miaka michache wanaongeza mwezi mzima wa kumi na tatu ili sikukuu zisiuache msimu wake, na mwaka huu ndio wameongeza. Nimewahi mwezi mmoja.

Shemeji alipopata habari alipanda moto makusudi kuja kunicheka. Nikamwacha amalize. Mwezi ujao nitaiwasha tena, na yeye ndiye atakayeleta mawese. Na ile niliyoiwasha mapema siihesabu hasara. Yule mzee mshonaji, baba yake mgeni, sikumjua, lakini najua angeniambia nini.